Mumemuuliza mwenyewe? Maneno yangu kwa vijana wa klabu za waandishi skuli

Mie nina kibanda cha fotokopi hapa Wete, Pemba, na kila ikifika Jumatano lazma nipate wageni wawili watatu wenye sare wameshika flashi, wanataka kuprintiwa gazeti lao la ukutani. Nawapenda mana najiona mwenyewe. Nilipokuwa Fomu 3 mie ndo nilikuwa katibu wa klabu ya waandishi skuli kwetu, sasa haya naandika kwa nilichokiona miaka ile miwili, sio kwamba ni mtaalamu, uandishi sikusomea, ila makosa yake nimeyafanya yote sijabakisha.

La mwanzo ni vyeo. Siku ya kwanza tulikuja watu 23, tukakaa darasani tukachagua mwenyekiti, makamo, katibu, naibu katibu, mshika fedha (fedha zenyewe hazipo), mhariri mkuu, naibu wake, msemaji, hata mkuu wa itifaki tulikuwa nae wallahi. Wiki mbili mbele vyeo vyote vina wenyewe na waandishi wanne tu, na wale wanne ndo waliokosa vyeo. Kwahiyo nyie msichague mtu mwanzo. Toeni gazeti la kwanza, la pili, hapo mtamjua nani anaandika na nani anapenda kuitwa mheshimiwa.

Pili muda. Sisi tulipanga kukutana kila siku ya Jumatatu alasiri, tukashangaa mbona hawaji, kumbe watu wako chuoni wanasoma Kurani! Nani atamwambia ustadhi leo sikuja nilikuwa klabu? Tukahamishia Alkhamisi ambayo chuo kwetu hakuna, tukajaa. Na wasichana muwape kazi ambazo zinawaruhusu kufika nyumbani kabla ya magharibi, msimtume mtu peke yake bandarini kutafuta habari halafu baba yake akaja skuli juu juu, mtafungiwa klabu nzima kwa sababu ya siku moja tu.

Vifaa sisemi sana. Manila, maka peni, basi. Ila gundi nunueni. Sisi tulitaka kubana matumizi tukapika uji wa unga wa muhogo tukabandikia, gazeti likakaa zuri kabisa, asubuhi tunakuja ukurasa wa michezo wote umekwenda, mbuzi kaingia usiku kaula mpaka picha ya golikipa. Tangu hapo tukabandika juu, kwenye ukuta wa ndani ya baraza ambako hata mvua ya masika haifiki.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike haya.

Skuli kwetu alikuwepo mama akiuza mandazi na kachori pale chini ya muembe wakati wa mapumziko, sote tukimwita Bi Mkubwa. Toleo letu la tatu tukaandika habari ya mbele kabisa, kwa maka nyekundu: MANDAZI YAZIDI KUSINYAA. Ndani tukasema muuzaji anawaibia wanafunzi, bei ileile andazi dogo, na uongozi umekaa kimya. Niliandika mie. Watu walijaa pale ukutani hata kengele ikilia hawatoki, nikajiona mwandishi kweli kweli, mpaka jioni natembea kifua mbele.

Kesho yake Bi Mkubwa hakukaa chini ya muembe. Alikuja moja kwa moja darasani kwetu na beseni lake kichwani, akalitua kwenye meza ya mwalimu, akafunua kitambaa, akatoa andazi moja akalishika kwa vidole viwili hivi. Hakupiga kelele. Akasema, "Wanangu, nani aloandika?" Darasa zima kimya. Nikasimama, miguu haina nguvu. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, wewe kila siku unapita kwangu, shikamoo unanipa, andazi unanunua. Mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimeuliza wanafunzi kumi na moja, nilikuwa na majina yao kwenye daftari, lakini mwenyewe anaesemwa sikumuuliza, na alikuwa hatua hamsini kutoka darasani! Akatwambia unga wa ngano umepanda, mafuta yamepanda, kupandisha bei kaona hapana mana wengi wetu tunakuja na pesa ya andazi moja tu, kwahiyo kapunguza kinyunya. Ndo habari yenyewe. Na ilikuwa habari nzuri kuliko yangu, yani ile yangu ilikuwa nusu ya habari na neno "anaiba" nililitoa kichwani mwangu tu.

Mwalimu mlezi hakutuchapa. Alitwambia tuandike upya, pahala palepale, maka ileile nyekundu, herufi zilezile kwa ukubwa. Hapo ndo nilipojua kusahihisha kunauma, ukitukana kwa herufi kubwa halafu ukaomba radhi kwa kijiandiko cha pembeni hujaomba radhi. Tukaandika TULIKOSEA, na chini yake maelezo yake Bi Mkubwa kama alivyoyasema, na safari hii tulimpelekea akasomewa kabla hayajabandikwa.

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ndo huu. Ukimtaja mtu kwa ubaya, hata kama kila mtu anasema, nenda kwake mwenyewe umuulize na uandike alivyojibu. Akikataa kujibu andika kakataa. Na jina muulize linavyoandikwa, mana Khamis na Hamis ni watu wawili, mtu akikosewa jina lake hatoamini kitu chengine chochote mlichoandika.

Wengine wananambia kaka hapa hakuna habari, habari ziko mjini Unguja. Hapo huwa nacheka. Msimu wa karafuu skuli nusu ya madarasa matupu, nani kaandika? Kaa na mwenzio aliekwenda kuchuma, muulize anachuma pishi ngapi kwa siku, analipwa vipi, vipindi vingapi vimempita, nani kamuazima daftari. Mfereji wa skuli maji yanatoka siku gani? Madawati mangapi na wanafunzi wangapi, hesabuni wenyewe kwa vidole msiambiwe. Mwaka 1888 skuli ya wamishionari pale Kiungani, Unguja, walikuwa wanatoa gazeti la Kiswahili likiitwa Msimulizi, wanafunzi na walimu wa palepale wakiandika humo, na habari nyingi zilikuwa za skuli zao na vituo vyao, mambo madogo madogo hivohivo. Leo wanahistoria wanayasoma. Sasa nyie mnadharau mfereji?

Hedmasta nae. Atataka kusoma kabla, msinune. Sisi tukimpelekea asubuhi ya kubandika, ana wageni, ana simu, anasema acheni hapo, gazeti linakaa wiki. Tukaanza kumpelekea siku tatu kabla na daftari la waliohojiwa juu yake. Akiona mumeuliza pande zote anapungua woga, mara nyingi alikuwa anakata sentensi moja tu. Ile ya choo cha wasichana kukosa mlango aliizuia wiki mbili, halafu mlango ukatiwa, halafu akaturuhusu kuandika kwamba umetiwa. Sijui niite ushindi au la, mie nilikubali.

Na mkiweza tafuteni siku mwende mkaone radio ya jamii, sie tulipelekwa Radio Jamii Micheweni kwa daladala, tumebanana. Faida niliyotoka nayo pale ni moja, kuisoma habari yako kwa sauti. Ukifika katikati pumzi imekwisha basi sentensi hiyo ikate. (Naam najua, mie mwenyewe hapa sijazikata, hii sio gazeti.)

Simu skuli hamruhusiwi, na mie naona afadhali, daftari na kalamu vinatosha, na yale ya kwenye magrupu ya WhatsApp msiyachukue kabisa mpaka mumeyafuatilia kwa miguu.

Jumatano iliyopita walikuja wawili, mmoja mwenye miwani, habari yao ya mbele inasema mlinzi wa skuli analala kazini. Nikaifungua kwenye kompyuta, nikaisoma, imeandikwa vizuri mashaallah. Nikauliza, "Mumemuuliza mlinzi?" Wakatazamana. Yule wa miwani akasema, "Kaka, tunarudi sasa hivi," wakatoka mbio, hata flashi hawakuchukua. Bado ninayo hapa mezani.