Mzaliwa wa Dar es Salaam katika kambi ya Sachsenhausen

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kuna Mwafrika aliyefungwa katika kambi za mateso za Wanazi. Wapo, na mmoja ni wa kwetu kabisa: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyetumikia jeshi la Wajerumani angali mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, akahamia Berlin mwaka 1929, na huko akafundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Inaniuma kwamba wengi wetu hatulijui jina lake, ilhali huko Berlin, mtaa wa Brunnenstraße, namba 193, limechongwa kwenye kibati cha shaba kilichopachikwa njiani.