Jibu: Kwanini maji ya bomba ni ya moto saa za magharibi

Ndugu, umeuliza kwanini bomba lako hapo Raskazone, Tanga, linatoa maji ya moto saa moja usiku na mchanga juu ushapoa. Bomba lenyewe ni zima, halina ubovu. Joto la jua linashuka ardhini taratibu na kila likishuka linapungua nguvu. Juu mchanga unachemka zaidi saa saba saa nane mchana, ila sentimita 15 chini, hapo ulipolaza bomba, kilele kinafika masaa kama matano baadae, yani ndo magharibi hiyo, na ukishuka sentimita 30 utakuta karibu na usiku wa manane ndo kuna joto kuliko mchana, chukua kipimajoto upime mwenyewe. Nusu mita hivi mchana na usiku karibu sawa tu, huko kinachosikika ni mabadiliko ya msimu tu, kaskazi na kusi.

Tena mchanga mkavu unababua nyayo kwa sababu haupitishi joto vizuri, linabaki juu, ukiloa kidogo linapenya chini kirahisi.

Mi nakushauri chimba mtaro upya futi mbili, na kile kipande kinachopanda ukutani kipe kivuli, maana hicho kinapigwa na jua moja kwa moja.