Kabla hujasasisha kompyuta, zitoe kwanza picha zako humo

Mkuu, umeuliza kama ni salama kusasisha laptopu wakati picha na video zote za familia zimo humo humo na nakala nyingine huna. Usisasishe leo. Tafuta diski ya nje kwanza.

Haya yamenikuta. Siku chache baada ya kusasisha, bando la GB 10 nililoweka jioni liliisha kabla ya alfajiri, na sikuwa nimepakua kitu. Nikalaumu mtandao wa simu. Kumbe mfumo ulishaiunganisha folda yangu ya picha na hifadhi ya mtandaoni, usiku kucha unapandisha video. Ruhusa niliitoa mwenyewe nilipobonyeza "Endelea", ila hakuna mahali palipoeleza waziwazi kuwa ndiyo maana yake. Baadaye ukaja ujumbe kwamba nafasi imejaa. Nikaingia mtandaoni, nikafuta video nikiamini zenyewe ziko kwenye mashine. Zikafutika na huku! Zilikuwemo tatu za marehemu mama akitusimulia utoto wake. Nilizikuta kwenye pipa la taka la mtandaoni, ambalo hujisafisha baada ya siku 30. Ilikuwa siku ya 26.

Wapo watakaosema ni uzembe wa mtumiaji. Basi waeleze ya Oktoba 2018: sasisho la Windows 10, toleo la 1809, liliwafutia watu nyaraka na picha. Waliokumbwa walikuwa wameelekeza folda zao kwenye diski nyingine, huku faili nyingine zimebaki kwenye folda ya zamani. Sasisho likaihesabu hiyo kuwa imerudiwa, likaifuta na vilivyomo. Microsoft ililisimamisha, likarudi tarehe 13 Novemba. Uzembe wa hao watu uko wapi? Tena wengine walishatoa taarifa wakati wa majaribio.

Siku hizi picha siziweki kwenye folda zilizokuja na mfumo. Nimetengeneza yangu pembeni, na nina diski mbili za nje, moja iko kwa dada. Kabla ya kusasisha nazichomoa zote. Nikimaliza, nahesabu faili za kwenye mashine na kulinganisha na idadi niliyoandika daftarini. Hifadhi inayojilinganisha yenyewe siiiti nakala, kwa sababu ukikosea upande mmoja, kosa linakwenda na upande wa pili.

Ukipata diski, anza na video zenye sauti za wazee. Picha za harusi ndugu wengine wanazo.