Nimekabidhiwa kadi ya pikipiki, sasa naweza kusema

Ijumaa ya wiki iliyopita, jioni, tajiri wangu, yaani mwenye pikipiki niliyokuwa naendesha, alinikabidhi kadi ya pikipiki pale kijiweni Sanawari, hapa Arusha. Mkataba umeisha, pikipiki sasa ni yangu. Miezi 14, siku 6 kwa wiki, nikimlipa elfu kumi kila siku. Chalii mmoja akapiga honi, wengine wakaitikia, mimi nikainama kama nakagua cheni ili wasinione machozi.

Usiku nikaiposti ile kadi. Kabla sijalala kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia: "Kaka hongera. Mimi niko ofisini hapa mjini, nimechoka. Niache kazi na mimi nichukue mkataba, niwe nasambaza mizigo?" Nilimjibu mistari miwili, halafu nikaona nimemwonea, ndiyo maana namjibu hapa kwa kirefu.

Mimi nilikaa mezani miaka 6, kampuni ya utalii, upande wa Njiro. Kazi yangu ilikuwa kuingiza risiti za mafuta na malazi ya madereva. Masika yakifika, wageni wanapungua na mshahara unaanza kuchelewa, tunaambiwa tuvumilie. Watu wananisifu eti nilithubutu. Sikuthubutu chochote, niliacha kwa hasira. Bosi alinifokea mbele ya wageni kwa sababu ya risiti ambayo ilikuwa kwenye gari lake mwenyewe. Barua ya kuacha kazi niliiandika kwa dakika kumi, na hata leseni daraja A sikuwa nayo. Ndugu zangu, msifanye hivyo.

Miezi ya mwanzo nairuka. Nilianguka mara mbili, nikakopa, nikapotea sana Moshono.

Ila siku ya keki siwezi kuiruka. Kuna mama anaoka Sakina, akanipa keki ya kilo tatu, nauli elfu tano anayepokea atalipa. Mvua inanyesha. Nimeifunga nyuma kwa mpira, nimekata mji mzima, ndipo nikafungua lokesheni vizuri: ofisi ileile. Getini askari mgeni, hanijui. "Boda, pita mlango wa nyuma." Nikapita nyuma, penye jenereta, njia niliyokuwa nikiitumia kwenda kununua chapati. Bosi akatoka mwenyewe, akafunua boksi. Krimu ya upande mmoja ilikuwa imehamia kwenye kifuniko. Hakunitazama usoni. Akamwambia binti wa mapokezi, "Mpe elfu tatu, kaharibu." Helmeti ilikuwa kichwani, maji yananichuruzika, nikapokea elfu tatu nikasema asante bosi. Mpaka leo sijui kama alinitambua. Miaka 6!

Tangu siku hiyo keki yangu haifungwi kwa mpira. Inakaa kwenye boksi gumu lenye sponji chini, na kwenye matuta napita kama nimebeba mtoto mchanga. Na nauli inaingia kwenye simu kabla sijawasha pikipiki. Hata anayenipa mzigo akiwa mjomba wangu.

Sasa wewe unayetaka kuacha ofisi, kaa chini tupige hesabu, maana huku neno hesabu lina maana nyingine: ni ile pesa ya tajiri ya kila siku. Nikiwa kwenye mkataba, siku nzuri nilikuwa naingiza elfu 35. Tajiri elfu 10, mafuta kama elfu 9, chakula elfu 3, na kila siku natenga elfu 2 ya oili, tairi na breki. Kinachobaki ni elfu 11. Siku ya mvua kubwa naingiza elfu 15, na tajiri bado anataka elfu 10 yake. Hesabu haijui mvua. Hiyo pikipiki, nilipouliza dukani, kwa taslimu ilikuwa chini ya milioni 3. Zidisha mwenyewe uone mimi nimetoa ngapi. Mwenye akiba asichukue mkataba, narudia, asichukue mkataba.

Ofisini ulikuwa unaisubiri tarehe ya mshahara. Huku utaisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wanaosimamia nishati na maji, watangaze bei ya mafuta. Ofisini mwajiri anakuwekea asilimia 10 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na wewe unakatwa 10. Huku hakuna wa kukukata. Unaweza kuchangia kwa hiari, lakini nionyeshe boda anayekumbuka mafao saa tano usiku. Vijana tunapenda kusema tumejiajiri, na tunaishi kama tuliofukuzwa. Tuwe na nidhamu. Mimi nasema hivi kwa sababu yamenikuta.

Basi, mdogo wangu, barua usiiandike kwanza. Sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Iombe Aprili, si Desemba. Kata leseni mapema, kisha nenda kijiwe cha karibu na kwako, muombe mtu uwe deiwaka wake, yaani uendeshe pikipiki yake kwa muda, umpelekee tajiri hesabu yake kamili kila jioni bila kuchomoa hata mia kwenye akiba yako. Usichague siku. Pita Kwa Mrombo wakati wa matope, pokea tusi la mteja aliyekosea namba ya nyumba yake mwenyewe, na mtu unayemfahamu akuite "we boda" mbele ya watu. Siku ya 29 utanijibu wewe.

Ameniandikia tena jana, anauliza kama anunue Boxer mpya au iliyotumika. Sijamjibu. Leo ni Jumamosi, gulio la Tengeru, na kuna mama ana magunia mawili ya karoti ananisubiri tangu saa kumi na mbili.