Paka wangu akiliona boksi la safari anajificha. Nifanyeje?

SWALI: Daktari, habari za kazi? Nina paka jike wa miaka minne, mpole sana nyumbani. Lakini nikilitoa tu boksi la kumbebea stoo, anakimbilia mvunguni mwa kitanda. Safari iliyopita tulimtoa kwa nguvu, akamkwaruza mwanangu mkononi, na njiani akajikojolea. Chanjo yake ni baada ya miezi miwili. Je, paka mkubwa hivi bado anaweza kuzoeshwa, au nitafute dawa ya kumlaza?

JIBU: Nzuri, na pole kwa mwanao. Anazoesheka, na miezi miwili inatosha ukianza leo. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba ya wanyama cha Vienna, Austria, walichapisha mwaka 2018 utafiti wa paka 22. Nusu yao walizoeshwa boksi kwa wiki 6, nusu wakaachwa hivyo hivyo. Waliozoeshwa walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi garini, na hata kupimwa kwao kulichukua muda mfupi zaidi.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Boksi lenu hutoka stoo siku ya sindano tu, kwa hiyo paka akilisikia likiburutwa anajua kabisa kinachofuata. Litoeni leo, na lisirudi stoo tena. Likae sebuleni, au chumba chochote anachopenda kushinda, kwenye kona tulivu, hadi alione kama kiti au meza.

Kabla ya hapo lioshe vizuri. Mkojo wa siku ile umeacha harufu ambayo pua yako haiipati lakini yake inaipata, na ni harufu ya hofu. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni isiyonukia sana, suuza, kisha anika hadi likauke kabisa. Dawa za kuua vijidudu zenye fenoli ziepuke, kwa sababu ni sumu kwa paka.

Kama ni boksi la plastiki linalofunguka vipande viwili, ondoa mlango na kifuniko cha juu, ubaki na sehemu ya chini peke yake. Tandika ndani kitambaa anachokilalia kila siku, na usikifue kwanza, maana tunaitaka harufu yake mwenyewe. Halafu muache. Usimwite, usimsukume, wala usimbebe kumtia ndani hata kwa upole. Ukimtia mara moja bila hiari yake, unaanza upya.

Chakula ndicho kitakachomwingiza. Anza kuweka bakuli mahali anapokula bila wasiwasi, hata kama ni upande wa pili wa chumba, kisha usogeze kidogo kidogo kila siku hadi lifike mlangoni mwa boksi, na baadaye ndani. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha: paka anaingiza kichwa, wenye nyumba wanafurahi, kifuniko kinarudishwa siku hiyo hiyo. Mtazame miguu ya nyuma. Ikiwa imebaki nje, imejikunja tayari kuruka, huku anakula na masikio yamegeukia nyuma, bado hajaamini. Akiingia mzima mzima, akamaliza kula, akabaki anajilamba au akajilaza, hapo umefika. Akigoma hatua fulani, rudi nyuma hatua moja na ukae hapo siku kadhaa bila kumlaumu.

Rudisha kifuniko, umzoeshe tena. Kisha mlango: ufunge akiwa anakula, ufungue baada ya sekunde chache, kabla hajaanza kukwaruza. Ongeza muda polepole. Baada ya hapo nyanyua boksi, tembea nalo chumbani, lishushe, mpe kipande cha kitu anachokipenda. Libebe kwa mikono miwili ukilikumbatia kutoka chini. Kishikio cha juu hulifanya liyumbe, na kuyumba huko peke yake kunatosha kumtisha. Kama mnasafiri kwa gari, mzoeshe pia kukaa garini injini ikiwa imezimwa, kisha imewashwa, kisha mwendo mfupi wa kurudi nyumbani bila kupita kwa daktari.

Siku yenyewe usimpe chakula saa chache kabla ya safari ili asitapike, maji anywe. (Paka mwenye kisukari ni tofauti, uliza kwanza.) Funika boksi kwa taulo jepesi, ukiacha nafasi ya hewa, na ndani ya gari liweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele lisitelezeteleze. Ukifika, liweke juu ya kiti au meza, mbali na mbwa. Mwombe daktari aondoe kifuniko na kumpima akiwa amekaa humo humo. Kazi nyingi zinawezekana hivyo, chanjo ikiwemo.

Kuhusu dawa: ipo, na kuitumia si aibu. Gabapentini, kwa kipimo atakachokuandikia daktari wa mifugo baada ya kumwona, hupewa saa mbili hadi tatu kabla ya safari na hupunguza woga. Dawa za binadamu za nyumbani usimguse nazo. Paracetamol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua. Mazoezi yaendelee hata kama dawa itatumika.

Kuna jambo moja bado. Akiugua kabla hajazoea, usimkamate kwa nguvu na kumtia kwenye boksi hilo hilo, utaharibu kazi yote. Azima jingine lisilofanana nalo, mviringe taratibu kwa taulo, umwingize humo. Na siku yoyote ukimwona anahema mdomo wazi, ndani ya boksi au nje, na hatulii haraka, hilo si la mazoezi: mpeleke kwa daktari wakati huo huo.