Mtumbwi na milima, vyote vionekane

SWALI: Shikamoo mzee. Mjomba ameniachia kamera ya kiufundi, ile ambayo lenzi yake huweza kuinamishwa, ya filamu ya 120, picha za sentimita 6×9. Pale Kibirizi nikifokasi mtumbwi ulio karibu, milima ya Congo ng'ambo ya ziwa inafifia. Hata nikibana tundu la lenzi hadi f/32 sipati ukali. Nifanyeje? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiibane hivyo. Kwenye f/32 mwanga hutawanyika ukipita tundu dogo, na picha nzima hupoteza ukali. Kamera hiyo ina dawa bora zaidi, na ndiyo sababu naipenda.

Fokasi milima kwanza. Legeza skrubu ya bodi ya lenzi, yaani kibao kinachoshika lenzi, iinamishe mbele nyuzi tatu au nne tu, kisha tazama mtumbwi kwenye kioo cha nyuma kwa lenzi ya kukuzia. Rekebisha fokasi, rudia. Eneo la ukali lililokuwa limesimama wima sasa linalala juu ya maji, kutoka miguuni pako hadi ng'ambo. Kanuni hiyo ina jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria aliyeieleza mwaka 1904. Sasa f/16, tundu kubwa zaidi, yatosha.

Ila chunga mlingoti! Kitu kirefu kilicho karibu hutokeza nje ya eneo hilo, na ncha yake hufifia. Tafuta mtumbwi usio na mlingoti.

Na Agosti hadi Septemba, moshi na vumbi vikifunika Congo, hakuna lenzi ya kukusaidia. Subiri mvua za Novemba, uende asubuhi ikishakatika, jua likiwa mgongoni.