Kisiwa cha Mackinac: majibu kwa barua zenu

Tangu niwataje farasi wanaofanya kazi ya magari katika Kisiwa cha Mackinac, kule kaskazini mwa jimbo la Michigan ambako Ziwa Huron na Ziwa Michigan hupeana maji, barua zimekuwa zikinijia. Nimezichagua zile zinazouliza mambo ambayo wengi mngependa kuyajua kabla ya kufunga mizigo.

*Shikamoo bibi. Sisi ni Wakongo, tunaishi Grand Rapids, na watoto ni wanne. Tumeambiwa gari haliruhusiwi kisiwani. Sasa tutafikaje na tutazungukaje?*

Marahaba mwanangu. Endesheni hadi Mackinaw City, mwendo wa kama saa nne hivi mkisimama njiani, muache gari bara na mpande feri. Maji mtayakata kwa dakika ishirini au pungufu. Mkishuka, kuna miguu, baiskeli za kukodi na magari ya farasi. Barabara inayozunguka kisiwa ina urefu wa kilomita 13 na imekaa tambarare kandokando ya maji, kwa hiyo hata mtoto wa miaka minane anaimaliza. Ni barabara kuu ya jimbo, ina namba yake kama nyingine zote, M-185, ila gari halikanyagi. Nendeni kati ya Mei na Oktoba, na mpande feri ya asubuhi, kwa sababu ikifika saa tano mtaa wa bandarini hauna pa kupita.

Jina lisiwatie aibu: herufi ya mwisho haisomwi. Semeni “Makino”.

*Mimi ni wa Lamu. Kwetu punda ndiye aliyekuwa gari letu, na siku hizi pikipiki zinatuingilia. Hao wenzetu waliwezaje kuyazuia magari kwa zaidi ya miaka mia?*

Swali lako limenigusa ndugu yangu, maana nami nilipokanyaga gati lao kwa mara ya kwanza nilisikia harufu ya samadi nikaikumbuka Lamu.

Magari yalipigwa marufuku mwaka 1898. Wenye magari ya farasi ndio waliokwenda kulalamika kwenye halmashauri ya kijiji: mashine hizi mpya zinanguruma, farasi wanashtuka na abiria wako hatarini. Halmashauri ikakubali. Miaka michache baadaye wasimamizi wa hifadhi, inayochukua sehemu kubwa ya kisiwa, nao wakafuata. Angalia basi ni nani waliodai sheria ile. Walikuwa watu waliokuwa wakitetea mkate wao, na neno “urithi” nadhani halikuwa midomoni mwao. Mpaka leo ndivyo ilivyo. Majira ya joto kisiwa huwa na farasi wapatao 500 hadi 600, na kumbeba mtalii ni sehemu tu ya kazi yao. Wanavuta taka, mizigo ya hoteli, mbao za ujenzi na vifurushi vya posta. Kijana anayeshika hatamu analipwa, mhunzi na daktari wa mifugo wana kazi, na kila mmoja wao atasimama kuitetea sheria siku ikiguswa. Magari ya wagonjwa, zimamoto na polisi yanaruhusiwa, na theluji ikianguka wakazi hutumia pikipiki za theluji.

Ukiniuliza Lamu ijifunze nini, ningeanza na mwenye punda. Mji wenu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nami nilifurahi sana. Lakini kama mbeba mawe kwa punda hapati chakula cha watoto, cheti hicho hakitaizuia pikipiki.

*Kiingilio cha ngome kinatuuma, sisi ni watu sita. Kuna cha maana kule juu?*

Kipo. Fort Mackinac ilijengwa na Waingereza kuanzia mwaka 1780, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, juu ya jabali linaloitazama bandari. Kuta zile mnazoziona si mfano uliojengwa upya kwa ajili ya watalii. Mizinga na bunduki hufyatuliwa kila siku ya msimu, na watoto wenu watataka kusimama mbele.

Kabla hamjapanda, wasimulieni kilichotokea Julai 17, 1812. Kufikia wakati huo Wamarekani ndio walioishika ngome, askari kama sitini chini ya Luteni Porter Hanks. Marekani ilikuwa imeshaitangazia Uingereza vita mwezi mmoja kabla, ila habari hazijamfikia Hanks. Waingereza zilikuwa zimewafikia. Usiku wakateremka upande wa pili wa kisiwa, pamoja na wapiga makasia wa Kanada na mamia ya wapiganaji wa mataifa ya wenyeji, wakaburuta mzinga msituni hadi kilima kilicho juu zaidi ya ngome. Kulipokucha Hanks akaona mdomo wa mzinga unamtazama kutoka mgongoni. Akasalimu amri bila risasi kulia. Waingereza walikaa mpaka mwaka 1815, baada ya mkataba wa amani.

Mkitoka, pandeni hadi kilima chenyewe. Kinaitwa Fort Holmes, ni mahali pa juu kuliko pote kisiwani, na kukiona hakuna malipo. Hapo ndipo kosa la waliojenga ngome linaeleweka kwa macho.

Tunzeni tiketi ya ngome, kwani inawaingiza pia kwenye nyumba za makumbusho kule mjini.

*Bibi, ninasoma habari za Waingereza, Wamarekani, wafanyabiashara. Wenye kisiwa wako wapi?*

Binti yangu, nakushukuru. Kisiwa ni cha Waanishinaabe, yaani Waodawa, Waojibwe na Wapotawatomi. Jina lenyewe ni lao na linahusu kobe mkubwa, kwani kwa mbali kisiwa kinajitokeza majini kama mgongo wa kobe. Walizika wafu wao hapa, walivua samaki hapa, na bila wao biashara ya ngozi za wanyama iliyowatajirisha wageni isingekuwepo. Kwa mkataba wa mwaka 1836 Waodawa na Waojibwe waliachia eneo kubwa mno la ardhi ya Michigan, na malipo yake yalikuwa yakigawiwa hapahapa kisiwani. Jengo lililowekwa kwa ajili ya wale waliokuja kupokea haki zao, la mwaka 1838, leo ni makumbusho ya sanaa. Wengi hulipita wakikimbilia peremende.

Mimi ningekushauri uanzie Biddle House, katika Market Street. Tangu mwaka 2021 nyumba hiyo ni makumbusho ya Waanishinaabe wa kisiwa, na kitovu chake ni Agatha Biddle, mwanamke wa kienyeji aliyefanya biashara ya ngozi na kuishi humo.

Kisha nenda kanisa la Ste. Anne umsalimie kaburini Magdelaine Laframboise. Mama yake alikuwa Mwodawa, baba Mfaransa wa Kanada. Mumewe aliuawa mwaka 1806, akabaki na watoto na mtumbwi uliojaa bidhaa. Hakurudi nyuma. Aliendelea na safari, akaifanya biashara ya ngozi katika bonde la mto Grand, mto uleule unaopita Grand Rapids, mpaka kampuni kubwa ikaona ni heri kumnunua kuliko kushindana naye. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima. Ardhi ya kanisa aliitoa yeye, na alipofariki mwaka 1846 akazikwa papo hapo. Nikimaliza sala yangu pale huwa siondoki haraka.

*Nasomea uuguzi. Mwalimu alitaja kisiwa hiki katika somo la mmeng’enyo wa chakula. Kwa nini?*

Kwa sababu ya Juni 6, 1822. Ndani ya duka la American Fur Company bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya, ikampasua ubavu Alexis St. Martin, kijana wa Kanada aliyeajiriwa kusafirisha ngozi. Daktari wa ngome, William Beaumont, alimtibu bila kutarajia apone. Akapona, ila tundu la kwenda tumboni halikuziba. Kuanzia mwaka 1825 Beaumont alikuwa akifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, anavitumbukiza, anavitoa, anaandika. Majaribio yalipita 200, mengi yakifanyika baada ya kuhama kisiwa, na kitabu chake cha mwaka 1833 kilionyesha kuwa tumbo huyeyusha chakula kwa tindikali.

Ukifika kwenye duka hilo, ambalo sasa ni makumbusho, mfikirie na mgonjwa. Alikuwa maskini, mwenye familia, akilipwa ili achunguzwe, na mara kadhaa aliondoka akarudi kwao. Alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliyachelewesha mazishi makusudi ili mwili uoze na madaktari wasiutamani. Kwenye somo la maadili ya kazi yenu, huyo ndiye wa kujadiliwa.

*Grand Hotel yaweza kutazamwa na asiyelala hapo?*

Ndiyo, kwa kiingilio. Ilifunguliwa mwaka 1887 na baraza yake ina urefu wa takriban mita 200. Kama fedha ni ya kubana, itazame kutoka barabarani na kiingilio uwanunulie watoto faji: sukari, siagi na chokoleti vilivyopikwa, vikamwagwa juu ya meza ya marumaru na kukunjwa mbele ya macho yenu.

*Wakati wa baridi kisiwa kinakufa?*

Hapana, kinarudi kwa wenyewe, watu wapatao 500. Farasi wengi huvushwa bara na makumbusho hufungwa. Miaka ambayo ziwa huganda sawasawa, wakazi hupanga miti yao ya Krismasi iliyokwisha kazi juu ya barafu, mmoja baada ya mwingine hadi mji wa St. Ignace ulio bara, ili anayevuka usiku asipotee njia.